Daktari Aliniuliza Mara Mbili

Buger, Jumamosi alasiri

Mwanangu Restituta,

Nimefundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini na moja, na kila mwaka niliwaambia waanze na salamu, kisha wataje dhumuni la barua. Leo salamu nitazichelewesha, utazipata mezani jioni. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, nami namjua dada yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda wa kuandika, na jua la kunitosha hapa barazani.

Habari za sweta, za kufua soksi na za kutokopesha watu usiowajua, mama yako ameshazimaliza. Kama kuna alilosahau litakufikia kwa simu kabla basi halijatoka Karatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu wiki hii. Juzi tulipokuwa tunapukuchua mahindi nilifungua kinywa kabisa, nikaishia kukuuliza kama gunia lina tundu. Mwalimu mzima, niliyezoea kusema mbele ya watoto mia moja, nimeshindwa kusema mbele ya mmoja.

Jambo lenyewe ni hili, nalisema mapema usije ukahangaika kulitafuta. Nilimdanganya daktari wako wa moyo. Cheti ulichonacho begini, kinachosema unaweza kwenda kambini kukimbia, kimetokana na jibu langu, na jibu langu lilikuwa uongo. Nakuomba usikimbie hata hatua moja mpaka umrudie daktari akupime upya akiwa na ukweli mkononi. Sasa acha nikueleze, halafu unihukumu.

Unakumbuka siku ile hospitalini. Kambi ilitaka cheti cha afya, yule tabibu wa Karatu akasikia sauti asiyoipenda kifuani mwako, akatuandikia rufaa. Tukampata daktari yule dada mpole mwenye miwani, akakulaza, akapitisha kile kifaa kifuani, nasi tukautazama moyo wako ukicheza kwenye kioo. Nilijisikia vibaya kuutazama, kana kwamba nimefungua sanduku la mtu. Alipomaliza akatueleza kwamba ukuta wa moyo wako umenenepa kidogo. Akasema moyo wa mtu anayekimbia kila siku nao hunenepa, na hilo si kosa. Lakini upo pia ugonjwa wa kurithi unaonenepesha moyo, na huo unaweza kumwangusha kijana mzima ghafla, moyo ukasimama. Kwa unene wa ukuta wako, alisema, uko katikati, hawezi kuapa upande wowote.

Ukamuuliza bila kuzunguka kama utaanguka. Nilijivunia swali lako. Jibu lake nimelishika neno kwa neno.

"Sijui, mdogo wangu. Nikipewa watu wengi wenye moyo kama huu, naweza kukisia wangapi wataanguka. Nikikutazama wewe peke yako, sijui. Ndiyo maana nauliza maswali mengi."

Akaanza kuuliza, akiandika majibu kwenye kompyuta. Alipofika kwenye familia alinigeukia mimi, akauliza kama kuna ndugu yako aliyefariki ghafla akiwa kijana. Nikamwambia hapana, kaka yako Damiano alifariki kwa ajali, aliteleza korongoni akagonga kichwa. Aliacha kuandika. Akaniuliza tena, taratibu, kama nina hakika aliteleza, hakuanguka kwanza. Alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa. Nikasema nina hakika.

Kwa jibu hilo hatari yako ikatoka ndogo. Akasema kwa kuwa nyumbani hakuna historia, anaegemea upande wa mazoezi, uende, urudi kupimwa baada ya miezi sita. Ulinishika mkono tukitoka. Njia nzima ya kurudi ulikuwa unaimba, na mimi nilikuwa naendesha pikipiki kama mtu aliyebeba mayai.

Damiano hakuteleza, mwanangu.

Nilitaka kukwambia habari zake tangu mwanzo, maana ulikuwa na miaka kumi na mitatu na tulikupa hadithi ya kitoto. Unajua jinsi nilivyosifiwa kwa wakimbiaji. Vijiji vitatu vilikuwa vikiniletea watoto wao niwatazame wakikimbia mara moja tu kuzunguka kiwanja, niseme nani atafika wapi. Nilikuwa naotea kweli. Niliweza kutaja muda wa mtoto kabla hajafika kwenye mstari, nikaonyesha saa, watu wakacheka kwa mshangao. Nililewa sifa hizo. Mtu akishazoea kujua, anasahau kuuliza.

Na nilikuwa na msemo wangu, umeusikia mara elfu: aliyefika amesimama hajamaliza kukimbia. Kwetu huku mtoto akianguka kwenye mstari anabebwa juu, anamwagiwa maji, na mwalimu wake anatembea kifua mbele wiki nzima. Mimi mwenyewe nilianguka hivyo mara mbili ujanani, na baba yangu alichinja mbuzi. Damiano alipoanguka kwenye mashindano ya shule, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, nilishangilia. Lakini alianguka katikati ya mbio, mzunguko wa tatu, akiwa hata hajachoka. Alikwenda chini ghafla, akalala pale muda wa kuhesabu hadi ishirini, akainuka, akamaliza wa nne. Watu wakasema huyo ndiye mwanaume. Mimi nikasema ni njaa, hakunywa uji asubuhi, na nikamgombeza mama yako kwa ajili ya uji. Nilijua tofauti ya kuanguka baada ya mstari na kuanguka kabla yake. Nilikuwa nafundisha riadha, ningekosaje kuijua. Ila msemo wangu ulinisaidia kutoiona.

Asubuhi ile ya mwisho tulitoka mapema, yeye mbele kwa miguu, mimi nyuma na pikipiki na saa shingoni. Tulipofika chini ya kilima alisimama akaniambia, "Baba, leo moyo unaruka." Hakulalamika, alinipa habari tu, kama mtu anavyokwambia ng'ombe leo hakunywa maji. Nikamjibu kwamba moyo unaoruka ni wa mtu aliye tayari, apande. Akacheka. Akapanda. Kilima chote alikimaliza vizuri, nami nyuma yake nikihesabu, nikiona kabisa kwamba atavunja muda wake wa wiki iliyopita. Alipofika juu, pale pa tambarare kwenye mbaazi, alikwenda chini. Hapakuwa na jiwe wala shimo. Miguu iliacha kazi tu.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilisimamisha saa. Nimekiandika hicho kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayekijua, na sitaki kubaki nacho peke yangu. Nilidhani atainuka kama mara ile, nikataka kumpunguzia muda wa kulala. Nilihesabu hadi ishirini nikiwa bado juu ya pikipiki.

Kisha nilimbeba. Sikujua kwamba kifua cha mtu wa namna ile kinabonyezwa palepale, kwa nguvu, bila kumsogeza, na kwamba wakati mwingine moyo hurudi. Daktari alinieleza leo kwa simu nilipomuuliza. Mimi nilimtia begani nikakimbia naye kuelekea barabarani, na njia ya kwenda barabarani inapita korongoni. Pale alikuwapo jirani yetu Bura ananywesha ng'ombe. Alipotuona alitupa fimbo, akauliza, "Mwalimu, ameteleza?"

Nikasema ndiyo.

Uongo wenyewe ulianza hivyo, na sikuutunga mimi, nililetewa nikaupokea. Bura aliwaambia waliokuja, waliokuja wakawaambia wengine, na kufika jioni kila mtu alikuwa na korongo lile kichwani. Padri alilitaja kwenye mazishi. Vijana walikwenda kuchimba ngazi ili asiteleze mtu mwingine. Ningesimamaje mbele ya ngazi zile niseme hapana, alianguka juu kwenye tambarare, aliniambia moyo unaruka na mimi nikamwambia apande?

Na palikuwa na sababu nyingine, usiicheke. Zamani kwetu nyumba iliyopatwa na kifo cha kijana kisichoeleweka ilikuwa inatengwa, watu hawaingii, hawaazimi hata moto. Siku hizi hatutengani hivyo, sisi ni watu wa kanisa. Lakini maneno hayajaisha. Ajali inasameheka haraka. Kijana mzima akianguka tambarare bila sababu, watu wanaanza kuhesabu ukoo wako, na wewe ulikuwa binti mdogo wa kuolewa baadaye. Nilijiambia nakulinda. Ukiona mzazi anasema sana kwamba anakulinda, mwanangu, mchunguze, huenda anajilinda yeye.

Nimemwambia mama yako jana, alipokuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hajasikia. Unajua kwamba tangu msiba ule mama yako hapiti korongoni. Kila Jumapili tunazunguka njia ya juu kwenda kanisani, mvua au jua, nusu saa zaidi, kwa sababu hataki kuyaona mawe yale. Aliinua uso akaniambia jambo moja tu.

"Ulikuwa unazunguka na mimi kila Jumapili."

Hakuniambia kingine mpaka sasa. Amepika, ameniwekea chakula, amekwenda kulala chumbani kwako. Ulidhani amekuja kwako kwa sababu unaondoka. Nilimwacha mwanamke yule achukie mawe miaka sita, na njia tuliyokuwa tunapita kumkwepesha mawe ndiyo inayopita kando ya ile tambarare ya mbaazi. Alikuwa anapita pale akisali rozari, na mimi pembeni yake nimekunja mikono.

Utauliza kwa nini sikusema hospitalini, wakati hapakuwa na Bura wala padri, na daktari ameniuliza mara mbili. Nimejiuliza sana. Sehemu moja ni mazoea, uongo wa miaka sita hutoka wenyewe kama kitikio cha sala. Sehemu nyingine ni kwamba wewe ulikuwa umekaa pale. Na sehemu iliyobaki ndiyo mbaya: nilikitaka cheti. Kocha wa kambi alikuwa amenipigia mwenyewe, akaniita Mwalimu, akasema ametafuta msichana kama wewe muda mrefu. Nilitaka useme kwamba umefundishwa na baba yako. Nilitabiri utakuwa mkubwa tangu una miaka saba ukikimbiza ndama, nikataka utabiri wangu utimie. Nilikuwa nimeshauona unatimia nusu mara moja, kwa kaka yako, ukaishia kwenye mbaazi, na sikujifunza.

Leo asubuhi nilipanda pale penye mtandao nikampigia daktari. Nilimweleza yote, mpaka saa niliyoisimamisha. Nikasikia watoto wanacheza upande wake, kumbe alikuwa nyumbani kwake. Nilitegemea anigombeze na nilikuwa tayari, pengine nilikuwa nakitaka kipigo hicho. Akanishukuru. Alisema habari za Damiano zinabadilisha kila kitu, kwamba asingeandika cheti kile kama angezijua, na kwamba usikimbie, usipande milima kwa haraka, usibebe mizigo mizito mpaka akuone. Anataka uende wiki ijayo. Watakuvalisha kifaa kifuani siku mbili kinachosikiliza mapigo usiku na mchana. Wakiona hatari ni kubwa, kipo kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, moyo ukisimama chenyewe kinaushtua uanze tena. Anataka kutupima na sisi, mimi na mama yako, maana moyo huo mmeurithi kwa mmoja wetu. Nadhani ni mimi. Mbuzi yule wa baba yangu ananirudia sana mawazoni.

Nikamuuliza, sasa kwa kuwa umeujua ukweli, Restituta ataanguka? Niliuliza kwa pupa, kama wale wazazi waliokuwa wakiniletea watoto wao kiwanjani.

"Hatari imepanda, Mzee," akasema. "Lakini jina la atakayeanguka bado sina. Anaweza kufika miaka themanini. Mimi naweza kumsaidia tu asiende gizani."

Nimeyatafakari maneno yake siku nzima. Mimi nilitamka mambo ya watoto wa watu nikiwa sijui lolote. Yeye amesoma miaka yote ile, ana mashine, ameuona moyo wako ukicheza mbele yake, na hakuona aibu kusema hajui. Ningeweza kuanza kazi yangu upya ningeanzia kwa mtu kama huyo.

Sasa, kesho. Una miaka kumi na tisa, tiketi ni yako na miguu ni yako. Nilifikiri kuvificha viatu vyako vya kukimbilia, nikavishika kabisa, nikavirudisha begini. Nimekunyima ukweli, sitakunyima na viatu. Ukitaka kwenda kambini uwaeleze kwamba unasubiri vipimo, nitampigia kocha mwenyewe na kumwambia ni nani aliyedanganya. Ukitaka kubaki, tutakwenda hospitali pamoja. Ukitaka kwenda na mama yako tu, nami nikaja na basi la siku nyingine kupimwa, nitaelewa. Na ikija siku daktari akasema usikimbie tena maishani, najua utakuwa umepoteza kitu ambacho mimi ndiye nilikifanya kiwe kila kitu kwako. Hilo nalo linaniuma, na siombi unifariji.

Kuna kingine kimoja, halafu nimemaliza. Daktari alikuuliza pia kama umewahi kupata kizunguzungu ukikimbia, au kusikia moyo unakwenda mbio bila mpango. Ulijibu hapana. Lakini kabla ya kujibu ulinitazama mimi. Nimemkumbuka Damiano chini ya kilima, na nimewaza ni mara ngapi ulitaka kunipa habari kama ile yake ukayameza maneno, kwa sababu ulimjua baba yako angejibu nini. Nimekuuliza muda wako wa kilomita kumi kila jioni kwa miaka minne. Swali hili sijakuuliza hata siku moja, na daktari hawezi kukadiria chochote bila jibu lake, na jibu hilo unalo wewe tu.

Nitakupa barua hii ukirudi tu kwa shangazi yako, mkononi. Sitaiweka begini uje uisome ndani ya basi mimi nikiwa nimebaki huku salama. Utaisoma chumbani, mama yako akiwepo. Mimi nitakuwa hapa barazani. Njoo ukiwa na hasira, njoo ukilia, au mtume mama yako kama hutaki kuniona. Ila uniletee jibu la kweli, mwanangu. Moyo wako umewahi kuruka?

Ninayekusubiri nje,
Baba yako